Malkia wa Uru Niliyemwacha Apite

Nakumbuka Jumapili moja, mjukuu wangu, miaka ile ya vita, nilipokaa kwenye mkeka wa watu kule Buyenzi, Bujumbura, nikiwa na turufu ya mwisho mkononi, nikajifanya sina. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia barazani ukimwita mwenzako mwoga, ati anatafuta sare badala ya kutafuta ushindi. Ulipiga kelele mpaka taarifa ya habari ikanipita. Sikukuingilia, maana mzee akiingilia karata za vijana huonekana anataka kugawiwa. Lakini kaa hapa kidogo. Sare nimezicheza za aina mbili, tena mbele ya watu wale wale, na moja kati ya hizo nusura initoe machozi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa ghala la magunia kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, mwembamba, na shati moja la maua ambalo nililitegemea kuliko nilivyojitegemea mwenyewe. Nilimpenda Rukia, binti wa Mzee Nasoro. Mzee huyo alikuwa na duka la vitambaa. Babu yake alitoka Omani, lakini yeye alizaliwa Buyenzi na hakuwa na habari na pengine popote. Kwetu tulishapeleka barua ya posa. Wiki tatu zikapita, jibu hakuna. Kila nikipita dukani Mzee Nasoro aliniitikia salamu vizuri tu, akaendelea kukunja vitenge, na mimi nikaendelea kukonda.

Jumapili alasiri duka lilifungwa, mkeka ukatandikwa barazani, na mtaa mzima ukaja kucheza sitini na moja. Hatukuchezea kitu chochote, kwa sababu Mzee hakutaka haramu mlangoni pake. Wanacheza watu wanne, wawili kwa wawili, na mshirika wako anakaa mbele yako. Karata zote zina pointi mia na ishirini, na anayefika sitini na moja ameshinda. Ree ina kumi na moja, saba ina kumi, wakubwa wengine wana chache chache. Wakigawana sitini kwa sitini, ni sare.

Na sare pale ilikuwa na sheria yake. Anayefungwa anainuka, lakini sare inawaacha waliokuwa wamekaa, na waliokuja ndio wanaoinuka wakaanze tena nyuma ya foleni. Maana yake aliyekaa anahitaji sitini tu, na mgeni lazima apate na ile moja ya juu. Watu walilalamika kila Jumapili kwamba hiyo si haki, na Jumapili iliyofuata walirudi.

Waliokaa walikuwa Mzee Nasoro na dada yake mkubwa, Bi Salama, mjane aliyewalea nusu ya watoto wa mtaa na kuwachapa nusu nyingine. Tangu Ramadhani iliyopita hakuna aliyewainua. Mshirika wangu alikuwa Deo, rafiki yangu wa ghalani, mtu wa mtaa wa Ngagara. Miezi mingi tulifanya mazoezi juu ya magunia saa ya chakula. Siku hiyo basi dogo halikupatikana, akaja kwa miguu, akapita bariyeri tatu za askari barabarani, na kila bariyeri wakataka kitambulisho na kuuliza anakwenda wapi. Aliwajibu ukweli, kwamba anakwenda kucheza karata. Askari mmoja alicheka sana, akampisha.

Sasa sikia upumbavu wangu. Asubuhi nikijinyoa nilijipigia hesabu hivi: nikimfunga Mzee Nasoro nitamwaibisha mbele ya mtaa, binti hanipi. Nikifungwa ataniona bwege, vile vile hanipi. Nikipata sare atabaki kwenye mkeka wake na heshima yake, na ataniona kijana mwenye adabu. Nilijiona mjanja kweli. Deo sikumwambia neno.

Tulicheza vizuri kuliko siku zote. Zilipobaki karata mbili mbili mikononi, mimi na Deo tulikuwa na sitini kamili, wao hamsini na nane, na kitu pekee kilichobaki ni malkia wa uru, pointi mbili tu. Turufu ilikuwa kopa, na kopa ya mwisho ilikuwa kwangu. Mzee Nasoro akamtupa malkia. Mimi uru sikuwa nazo, kwa hiyo sheria iliniruhusu kukata. Ningekata, tungekuwa na sitini na mbili. Nikachomoa pau isiyo na thamani, nikaiweka chini taratibu, na sura ya masikitiko nikaivaa. Malkia akapita. Sitini kwa sitini!

Watu wakapiga makofi. Mimi ndani ya shati langu la maua nikawa mtu mwenye furaha kuliko wote Bujumbura. Ila nilisahau jambo moja ambalo hata mtoto anayejifunza kugawa hasahau: karata ya mwisho nayo lazima iwekwe chini. Nikaiweka. Tatu ya kopa.

Makofi yakakatika. Bi Salama akaiokota kwa vidole viwili, akaipeleka karibu na miwani yake.

“We mutoto,” akasema, “huyu alikuwa wapi wakati malkia anapita?”

Nikasema sikumwona vizuri. Mwanangu, karata ziko mbili mkononi, nyekundu moja na nyeusi moja, na mimi nasema sikumwona.

“Apana, ulimwona,” akasema Bi Salama. “Ulitaka kutupa sisi zawadi. Nani alikuomba? Mi niko na miaka sabini, sijaomba mutu anihurumie kwa karata. Na kama ulitaka kutoa, ungetoa chako. Ile moja ya juu ilikuwa yako na ya huyu mwenzako. Yeye umemuuliza?”

Ndipo nikamtazama Deo. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ameduwaa tu, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

“Sha, Yusufu,” akaniambia polepole, “mi nimepita bariyeri tatu. Tatu! Na we ulikuwa nayo.”

Akavaa kofia yake akaondoka, mapema, kabla hata ya watu kuanza kuangalia saa kwa ajili ya kuvre-fe, ile amri ya kutotoka nje usiku. Mzee Nasoro hakunikemea. Alizikusanya karata, akazilinganisha kingo, akasema barua yangu anayo na ataijibu siku nitakayorudi na mshirika wangu. Rukia alikuwa mlangoni anakusanya vikombe. Aliponipita alininong'oneza: “Na mi ukinioa, utakuwa unanificha ngapi?” Niliona haya mpaka masikio yakawasha.

Nilikaa siku tano nikijitetea kichwani. Hakuna sheria niliyovunja, nilisema. Ghalani Deo alinisalimu, akahesabu magunia yake, akala chakula chake upande wa pili. Jumamosi mchana nikafunga safari ya Ngagara. Kwenye bariyeri ya kwanza nikaulizwa naenda wapi, nikasema naenda kuomba msamaha, na askari akaniangalia kama niliyechanganyikiwa. Ya pili, ya tatu. Jua lilinipiga sawasawa. Nilipofika kwa Deo shati la maua lilikuwa limeloa lote, na hapo ndipo nilipojua thamani ya kile nilichokitoa zawadi.

Alinikuta nimesimama mlangoni. “Ego, ingia, kunywa maji kwanza,” akasema. Nikamweleza yote, mpaka hesabu za kwenye kioo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa sharti moja: nikaseme vile vile barazani, mbele ya mkeka.

Jumapili nikasema. Mtaa ulicheka wiki mbili na mimi nilistahili. Baada ya hapo tukasubiri zamu yetu nyuma ya foleni.

Mara hii karata zilitukataa. Milio ya risasi ilisikika kwa mbali, huko milimani, Mzee akainua kichwa, na Bi Salama akasema, “Tupa karata, Nasoro, unatuchelewesha,” akaendelea kutubamiza. Zilipobaki mbili mbili wao walikuwa na hamsini na nane, sisi arobaini na tisa. Turufu ilikuwa pau. Nilikuwa na turufu ndogo moja na shupaza ndogo moja. Ree ya shupaza haijatoka, na jinsi Bi Salama alivyobana karata zake kifuani nilijua iko wapi. Ushindi haukuwepo tena, hata tungefanya nini.

Mzee Nasoro akatupa malkia wa uru. Yule yule! Baraza zima likanigeukia. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, “Kata, kata usiaibike tena!” Ningemkata malkia, ningepata pointi mbili na makofi, halafu ningelazimika kuitoa shupaza yangu na ree ya Bi Salama ingeimeza. Nikamtazama Deo. Alifumba macho, akafumbua. Basi nikaweka shupaza, malkia akapita, wao wakafika sitini. Watu wakaguna, ati Yusufu amerudia.

Karata ya mwisho. Mzee akatupa yake, Deo akatupa yake, Bi Salama akaiachia ree ya shupaza kwa uchungu, kwa sababu alishajua. Nikaweka turufu yangu juu yake. Kumi na moja juu ya arobaini na tisa. Sitini kwa sitini!

Deo aliruka kama aliyeshinda kombe. Yule kijana wa nyuma akanung'unika kwamba huu si mchezo, kwamba mtu akicheza kutafuta sare anawanyima watu haki yao ya kushinda. Bi Salama akamgeukia, miwani imemshuka puani.

“Haki gani? Sitini na moja ilikuwa hapa mbele yetu, mi na Nasoro. Nani alitukataza kuibeba? Hawa wameipigania hii sitini mpaka karata ya mwisho. Jumapili ile alitupa sare. Leo ametunyang'anya. Hujaona tofauti, rudi kwa mama yako akufundishe kuhesabu.”

Tukainuka kwenye mkeka, kama sheria ilivyotaka, sare ni sare. Lakini kabla sijavaa viatu Mzee Nasoro akaniita kwa jina, mara ya kwanza tangu anijue. “Yusufu. Mwambie mama yako aje Ijumaa, baada ya sala.” Bi Salama akadakia kwamba asije mikono mitupu. Nilitoka pale nikaacha kiatu kimoja, na Deo ndiye aliyekibeba. Harusi aliisimamia yeye, na bariyeri safari ile tulipita pamoja.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Mwenzako wa jana si mwoga. Kama alikuwa anazama na akashika sitini kwa mikono miwili, amecheza haki, na wewe ulipaswa kumpa mkono kisha ujiulize ile moja uliiacha wapi. Mpigie kelele yule mwenye ushindi mkononi anayeuficha ili apendwe, au anayepatana na mpinzani pembeni bila mshirika wake kujua. Huyo sare yake ni ya uongo, hata kama sheria haina neno juu yake. Na kabla hujatoa zawadi kwenye mkeka, angalia kwanza nani amekaa mbele yako, na ametembea kutoka wapi.

Mungu akupe mshirika kama Deo, na akupe macho ya kumwona mapema kuliko nilivyomwona mimi. Akujalie ushindi usiokuvimbisha kichwa na sare usizozionea haya. Sasa nenda kamwombe mwenzako radhi, halafu urudi na karata, bibi yako Rukia anatafuta wa kumfunga. Na tafadhali usimhurumie, maana yeye bado anahesabu.