Mogesi Alivyomkumbusha Mungu

Miaka saba Mogesi hakumsalimia shemeji yake Machage, na haki alikuwa nayo. Udongo wa kaburi la mume wake Nyamhanga ulikuwa bado mbichi, Machage akang'oa makatani ya mpaka, akayapanda hatua ishirini ndani ya shamba la mjane. Ndugu wa damu, tena mzee wa kanisa!

Wazee wa ukoo walikuja, wakanywa uji wake wakamaliza sufuria, wakamwambia, "Wewe huna mtoto wa kiume. Ardhi ya nini?"

Mogesi alibaki na mama mkwe wake Felistas, kipofu, ambaye Machage mwanawe hakumtaka kwake. Alimlisha, alimwogesha. Na kila asubuhi alisimama kando ya kile kipande kilichoibwa, akaweka jembe chini, akasema na Mungu kama watu wanaokumbushana makubaliano ya mahari.

"Baba, ulisema mwenyewe wewe ni mwamuzi wa wajane. Sikukulazimisha. Upande wangu nimetimiza. Malimbuko naleta, mama wa watu namtunza, Machage sijamwekea sumu, ingawa unajua nilivyotaka. Sasa upande wako."

"Mogesi, utamchosha Mungu," Felistas alimwambia.

"Achoke, mama. Aliyeahidi si mimi."

Sasa, kila mvua ikianza, Machage alipalilia kile kipande peke yake, hata mke wake hakumruhusu. Watu walisema ana bidii. Bidii gani! Mwaka huu bodaboda ilimvunja mguu, akalala ndani mvua yote.

Felistas akasikia, akataka kwenda kumwona. Mtoto ni mtoto, hata akiwa Machage. Mogesi akanuna, lakini akamshika mkono, wakakata katikati ya mahindi. Ghafla bibi akaruka.

"Aii! Katani limenichoma! Mbona hujaniambia tumefika mpakani?"

"Mpaka uko nyuma, mama. Tumeshaupita."

"Umfundishe nani mpaka? Nilipanda na mume wangu, nina mimba ya huyo huyo Machage." Akapapasa kwa fimbo. Katani changa hapa. Hatua mbili, jingine. Jingine tena, mstari mmoja mpaka mtoni.

Machage aling'oa mashina, mizizi akaiacha, na kila mvua akawa anafyeka machipukizi kwa siri. Mjinga. Katani halifi hivyo.

Felistas akakaa pale pale mahindini, akakataa kuondoka mpaka Jairo, balozi wa nyumba kumi, na wale wazee wafike. Machage akaja kwa magongo.

"Machage, haya yalipandwa na nani?" mama yake akauliza.

"Na baba."

"Yaling'olewa na nani?"

Wazee wakatazama viatu vyao.

"Mama, naona haya," Machage akasema.

"Na mimi nilidhani kipofu ni mimi peke yangu."

Siku ile ile wanawe Machage walirudisha mpaka, balozi akisimamia.

"Shemeji, nisamehe," Machage akasema.

"Mimi nilidai shamba," Mogesi akamjibu. "Msamaha sijafikia."

Felistas alikuwa analia, haijulikani ni kwa ajili ya nani. Mogesi akakaa chini, akaweka mguu wa bibi mapajani, akautafuta ule mwiba wa katani kwa ncha ya pini.

"Tulia, mama. Nimeuona."

Halafu akainua macho juu kidogo. "Asante, Baba. Lakini miaka saba!"