Mama Nora Akagua Shule

Rosanne Czerwinski alikuwa mpokea nguo kwenye duka la dobi huko Maspeth, Queens. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuishika nguo ya mtu mbele ya macho yake, kuigeuza kwenye taa na kumwambia doa liko wapi. Awe bwana harusi, awe hakimu, hakuna aliyeponyoka. Wateja walimwogopa, naye alipenda waogope. Mumewe alishajiendea zake New Jersey, akamwachia binti mmoja, Nora. Huyo Nora ndiye roho yake.

Sasa Nora alikuwa na miaka kumi, na kusoma kulimshinda. Mjinga hakuwa, hata kidogo. Ukimweleza jambo mara moja, analo. Lakini mwekee ukurasa mbele yake, herufi zinamkimbia na jasho linamtoka. Darasa la sita lilikuwa mlangoni, na kila mzazi alitakiwa kuzipanga shule za kati, zile zinazoanzia darasa hilo, kwenye orodha, ya kwanza hadi ya kumi na mbili, kisha bahati nasibu ya wilaya iamue mtoto aende ipi. Rosanne aliapa kwamba mwanawe hatapelekwa mahali watakapomtundika nyuma ya darasa kama koti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua.

Wazazi wenzake walisoma alama za shule kwenye mtandao. Yeye alizicheka. "Alama zinapikwa hizo," alisema. Alikuwa na mtihani wake mwenyewe. Siku ya ziara kila shule humtoa mwanafunzi awatembeze wazazi, basi Rosanne humshika huyohuyo, amwonyeshe maandishi yoyote ukutani, amwambie asome kwa sauti. Kwenye shule mbili za kwanza watoto walitiririka kama watangazaji wa redio, akaziweka juu ya orodha.

Ya tatu ilikuwa Halloran, mitaa minne tu kutoka kwao. Mtembezaji alikuwa Yesenia Tapia wa darasa la saba, na mdomo huo, jamani! Aliwaonyesha maktaba, akawapeleka jukwaani, akawavunja mbavu kwa habari za piza ya Ijumaa. Nora, ambaye ziara zote alijificha nyuma ya koti la mama yake, safari hii alikuwa mbele, bega kwa bega na yule msichana.

"Hapa kuna mwalimu wa kusaidia kusoma?" Nora aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bi. Ferrante? Yupo. Hata mimi naenda kwake. Ana biskuti balaa."

Nora akacheka. Rosanne hakusikia neno, maana alikuwa anapitisha kidole juu ya makabati kutafuta vumbi.

Wakaingia maabara. Ukutani palikuwa na tangazo refu.

"We binti," Rosanne akasema, "hebu tusomee lile."

"Lile? Kanuni za maabara tu zile, mama."

"Sijakuuliza ni nini. Nimesema soma."

Yesenia akaanza. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukamkwama kooni, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Masikio yakamwiva. Baba mmoja aliyeshika helmeti ya baiskeli akasema, "Dada, mwache mtoto wa watu."

"Nimwache? Wako utamleta hapa?"

Yule baba akainamia helmeti yake. Aibu yake, mwanamume mzima!

"Endelea, tunasubiri," Rosanne akasema.

Yesenia akajaribu neno lilelile mara ya tatu.

"Darasa la saba!" Rosanne akawageukia wenzake. "Na huyu ndiye waliyemchagua kutuonyesha. Hao waliofichwa wakoje?"

Na watu walicheka. Msidhani nazusha, wazazi wazima, wenye watoto wao pembeni, walicheka. Mwalimu mkuu, Bi. Haddad, alifika amechelewa. Yesenia alikuwa ameshavua beji yake, ameiweka juu ya meza, na ametoka bila kukimbia.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Rosanne alitoka pale kifua mbele. "Umeona?" akamwambia Nora njiani. "Nimekuokoa mwanangu. Pale ungeishia kama yule."

Nora akaongeza mwendo, akamwacha nyuma.

Jioni Rosanne aliitandaza orodha kwenye meza ya jikoni. "Njoo mpenzi, nisomee majina tuyapange."

Nora akairudisha karatasi upande wa mama yake.

"Soma basi. Si tuko peke yetu? Ni mimi tu hapa."

"Ndiyo maana sisomi."

"Una nini wewe? Haya, sema tu, unataka ipi?"

"Halloran."

"Una wazimu! Hukumwona yule msichana?"

"Nilimwona," Nora akasema. "Nilikuona na wewe."

Rosanne alihisi kitu kimemchoma, lakini alikuwa mtu wa kujitetea kabla hajashtakiwa. Akasema mtoto hajui lililo jema kwake, akakata Halloran kwa kalamu, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Majira ya kuchipua barua ikaja: Nora amepata shule ya kwanza kwenye orodha. Rosanne alilia kwa furaha. Kule dukani aliwatangazia hata watu wasiomjua, na siku hiyo akasamehe madoa mawili.

Alirudi nyumbani akamkuta Nora anakula nafaka kwa maziwa. "Septemba, shule ikifunguliwa, kuna siku ya wazazi," alisema huku anamkumbatia. "Nitakaa mstari wa mbele!"

"Lazima uje?"

"Nitakosaje, mwanangu?"

Nora alimeza kwanza kilichokuwa mdomoni. "Basi siku hiyo nitaumwa," akasema, akavuta bakuli lake, akaendelea kula.