Ncha ya Pili ya Mpira

Mke wangu alizaliwa Wasini, kisiwa kisicho na kisima cha maji matamu. Kwao walikunywa mvua iliyokingwa birikani, na kwa sababu hiyo alikuwa mtu mgumu kupita kiasi katika jambo la maji. Mimi nimekulia Msambweni, kwenye visima. Maji yakinilowesha koo, nimeshukuru.

Nilipostaafu udereva tulinunua gari kuukuu la abiria, tukang'oa viti, tukatia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, tuwe tunapiga kambi tunakotaka. Kilichobaki ni mpira wa kujazia tangi. Duka la vifaa pale Ukunda lilikuwa na mipira ya kila rangi, na mke wangu akainusa mmoja mmoja kama anayenunua samaki.

"Mathe, hizi zote ni same," kijana wa duka akamwambia. "Maji ni maji."

"Si maji yote, mwanangu. Huu wa kijani ni wa maua. Nipe ule mweupe, na unipitishie maji ndani niyaonje."

Akapitishiwa, akaonja, akatema mlangoni mwa duka. Mimi nikajitia kutazama misumari. Mpira wa tatu ndio aliokubali, na hata huo hakuuamini. Tulipofika nyumbani aliuweka mdomo wa mpira juu ya chetezo, akaufukiza ubani kama mama yake alivyokuwa akifukiza mtungi.

"Cha kuvunda hakina ubani," nikamtania.

"Haujavunda, bwana. Una ugeni tu."

Chai ya safari ya kwanza ilinukia kama nyumba ya harusi. Nililalamika, nikaomba kikombe cha pili.

Kuutunza mpira huo kulikuwa na sheria zake. Usiburutwe mchangani, usiachwe juani, usikae sanduku moja na ule wa maji machafu. Kila tulipovunja kambi ilibidi utolewe maji yote, kwani yakilala ndani hufanya utelezi. Kuuinua na kuumwaga hakukumtosha. Alishika ncha moja akapuliza, mashavu yamejaa, nami nikashika ncha ya pili na kiganja mbele yake. Maji yalitoka kwa vipande, kisha matone, kisha pumzi yake ikanigusa kiganjani, ya vuguvugu.

"Imefika?" alikuwa akiuliza.

"Imefika."

Hapo ndipo tulipoziunganisha ncha mbili, mdudu asiingie, tukautundika. Tulifanya hivyo Diani, tukafanya Shimoni, hata Mackinnon Road katikati ya malori, madereva wakitucheka.

Mwaka jana alitangulia mbele ya haki. Wageni wa matanga walipoondoka niliingia stoo, nikaukuta mpira umetundikwa, ncha zimeungana kama tulivyoziacha safari ya mwisho. Nikajiambia kwamba ndani mna pumzi yake. Mtu wa umri wangu hasemi upuuzi kama huo mbele za watu, lakini niliuamini, na sikumruhusu yeyote aufungue. Nilikuwa na hamu ya mke wangu hata nikalinda hewa.

Likizo iliyopita binti yetu alikuja kutoka Nairobi, akataka twende Msambweni tukalale garini kama zamani. Nikatoa visingizio, mara tairi, mara mgongo.

"Baba, gari litaozea hapa," akaniambia. "Na wewe pia."

Tulipofika kwenye bomba la kambini akanyoosha mkono, anataka mpira. Nilisimama nao kifuani. Kisha nikazitenganisha ncha, nikanusa haraka kabla upepo haujaniwahi. Hamkuwa na ubani. Hamkuwa na chochote ila harufu ya plastiki iliyofungiwa muda mrefu. Nikampa binti yangu mgongo, nikalia, naye akajifanya bomba limemshinda kufungua.

Asubuhi ya kuondoka niliupandisha mpira begani nipate kuumwaga. Akaninyang'anya ncha moja.

"Si hivyo, baba. Mama alikuwa akipuliza."

Akajaza mashavu. Nikashika ncha yangu, nikaweka kiganja mbele. Maji yakatoka kwa vipande, kisha matone, kisha pumzi ikanigusa kiganjani, ya vuguvugu.

"Imefika?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Puliza tena."