Joto la chumba cha kulala lilivyonifanya niitwe night runner

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mimi nilishalia nikamaliza.

Niliolewa nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mume wangu, nimwite Wycliffe, alikuwa amejenga nyumba ya mabati juu mpaka chini kwenye boma la wazazi wake. Ceiling hakuna.

Mchana kutwa ile nyumba inachemka. Jioni mvua ikija tunafunga kila kitu, tunabaki na lile joto ndani.

Sasa kitanda. Godoro lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Mama mkwe alikataa itolewe, eti godoro litachafuka. Juu yake shuka la polyester, halafu blanketi zito la manyoya alilotupatia yeye siku ya harusi. Kutojifunika nalo ilikuwa kumdharau.

Na dirisha? Lilipigiliwa misumari. Wenye mnatoka Magharibi mnajua habari ya night runners, wale wanaosemekana kukimbia uchi gizani wakirushia watu mawe kwenye mabati. Boma zima lilikuwa linawaogopa.

Nilikuwa naamka nimelowa chapachapa. Kazini nasinzia mbele ya wateja, kichwa kinagonga, kila mtu namjibu vibaya. Wycliffe naye alikuwa analowa vilevile. Nikilalamika ananiambia nivumilie, nitazoea.

Sikuzoea. Nikaanza kutoka, nakaa mlangoni na leso yangu mpaka mwili upoe, kisha narudi kitandani. Wycliffe alijua. Kuna siku alinifuata tukakaa wote tukipunga hewa.

Shemeji yangu mmoja akaniona nikiwa peke yangu. Habari kwamba mimi ni night runner ikamfikia mama mkwe kabla ya chai ya asubuhi.

Kikao kikaitwa Jumapili, baada ya kanisa. Obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mezani, na mpishi ni mimi mshtakiwa. Baba mdogo wa Wycliffe ndiye aliongoza.

"Bibi yetu, watu wa maana usiku huraranga. Wewe unatafutanga nini inje?"

Nikasema ni joto. Wakaguna.

"Joto gani?" mama mkwe akadakia. "Mimi nimeleanga watoto wote kwa nyumba ya mabati, na hakuna siku nilitembea usiku."

Baba mdogo akamgeukia mume wangu. "Wewe ndio unararanga na yeye. Anaendanga wapi?"

Wakuu, nilimtazama yule mwanaume. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Akainamia sahani yake.

"Mimi nikirara sijuangi kitu."

Wiki hiyo hiyo nilifungasha nikarudi kwetu Likuyani. Kwa mama nalalia godoro kuukuu lisilo na nailoni, shuka la pamba, blanketi jepesi, dirisha lina wavu na hewa inaingia. Nalala mpaka ng'ombe waanze kulalamika. Kichwa kiliacha kuuma bila dawa yoyote.

Lakini jina lilinifuata. Kuna watu walikuja kuniposa kutoka upande wa Matete, wakaulizia kwa nini niliachika. Hawakurudi tena, na hakuna aliyetuambia sababu. Hilo linaniuma mpaka leo, sitadanganya.

Funzo: kama hulali vizuri, kabla ya kutafuta mchawi kagua chumba. Toa nailoni, tandika pamba, ruhusu hewa, na kama una pesa weka ceiling kabla ya kununua sofa.

Juzi Wycliffe alinipigia. Anasema chumba amekitengeneza, sasa kinalalika, nirudi. Nikamuuliza kama kwao ameshawaambia ukweli. Akasema, "Hiyo maneno iriisha, mama, wacha tusiichokore."

Nikakata simu.

Karibuni mchangie, matusi pia napokea. Ila wanaume wa humu nawaomba mnijibu hili moja: kusema "mke wangu anasikia joto" mbele ya baba yako mdogo, ugumu wake ni nini?