Pikipiki ya umeme iliyonyweshwa oili

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, Mama Spana amechuchumaa nyuma ya pikipiki ya umeme, ameshika tama. Kwenye sakafu ya saruji, chini ya gurudumu la nyuma, kuna tone la oili. Analigusa kwa kidole, analinusa, kisha anaifumba mikono yake na kuhema kama mtu anayejizuia asitukane.

Pikipiki hii haina oili. Haina injini, haina gia, haina mahali popote pa kutilia hata kijiko kimoja cha oili. Mota yake iko ndani ya gurudumu lenyewe, nayo ni ya nyaya na sumaku tu.

"Nani kagusa hii pikipiki?" anauliza bila kugeuka.

Kwenye benchi la mbele ya karakana, wanaume wanne waliokuwa wakibishana kwa sauti za mnadani wananyamaza kwa mpigo mmoja. Mmoja anaangalia paa. Mwingine anakumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea. Wa tatu anakohoa. Wa nne, ambaye ni mume wake, anatabasamu.

"Tabasamu hilo nalijua," Mama Spana anasema. "Miaka ishirini na sita ya ndoa nimelipata kila alipoharibu kitu akidhani amenifanyia wema."

Ana umri wa miaka hamsini na moja, mama wa watoto watatu wanaojitegemea, na watu wa mtaa huu wamesahau kama aliwahi kuwa na jina jingine. Ufundi alirithi kwa baba yake. "Baba alitaka mtoto wa kiume wa kumwachia karakana, akapata mabinti wanne. Mimi ndiye niliyekuwa sichoki kuchafuka, basi akaridhika na mimi."

Mumewe, anayeitwa Mzee Moshi, ni fundi wa viti vya pikipiki. Anakata sponji, anashona ngozi bandia, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Mtu analeta kiti kilichochanika kama kilitafunwa na mbwa, jioni anaondoka nacho kama kimetoka dukani. Tatizo lake linaanzia pale sindano inapoishia. Anapenda injini kwa moyo wote na hajui hata moja inavyofanya kazi.

Walikutana hapahapa. Alikuwa mteja, akileta pikipiki yake kila wiki wakati haina ugonjwa wowote. "Nilidhani ananipenda mimi," Mama Spana anasema. "Baadaye nikagundua alikuwa anatupenda wote wawili, mimi na kabureta. Sijawahi kumuuliza nani alitangulia, maana jibu naliogopa."

Kila Jumamosi marafiki wa mumewe huja karakanani: kinyozi mwenye saluni ng'ambo ya barabara, dereva wa lori aliyestaafu na mwalimu wa hesabu. Wanajiita Wapenzi. Wanaegesha pikipiki zao kwa mstari, wanazifuta vumbi ambalo halipo, halafu wanakaa kubishana mpaka jua la mchana liwafukuze kwenye benchi.

"Hawaleti kazi," Mama Spana analalamika. "Wanaleta makalio tu. Wanakalia benchi langu, wanakunywa chai yangu, na mteja wa kweli akija wanamshauri kabla sijafungua mdomo."

Wapenzi wana desturi yao. Pikipiki mpya ikiingia kwenye kundi, haihesabiwi kuwa ya nyumbani mpaka mmoja wao aitilie oili safi kwa mkono wake mwenyewe, wengine wakiwa wamesimama kuizunguka. Wanaita kuinywesha. Kinyozi husema maneno mawili matatu, mwalimu hupiga makofi, na mwenye pikipiki huona fahari kana kwamba amepewa cheo.

Pikipiki za umeme hazikuwahi kunyweshwa, na si kwa sababu Wapenzi walijua hazinywi. Walizidharau. Mama Spana alipotumia akiba yake kwenda kusomea mota na betri kwa miezi miwili, akiwa mwanamke peke yake darasani na mkubwa kuliko mwalimu wake, aliporudi aliwakuta kwenye benchi wana majina tayari. Waliita pikipiki hizo pasi. Wakaita majokofu yenye magurudumu.

"Pikipiki isiyounguruma hiyo ni baiskeli yenye majivuno," kinyozi anasema mpaka leo, na hatafuni maneno. "Shemeji anisamehe, lakini mimi nataka nikipita watu wajue nimepita."

"Wanajua," shemeji yake anamjibu. "Hata watoto wachanga unawaamsha."

Wiki iliyopita riziki ilibisha hodi. Mkunga mmoja, msimamizi wa wakunga wanaozunguka majumbani kuhudumia wajawazito na wazazi, alileta pikipiki yake ya umeme ikiwa na beringi inayolia. Kundi lake lina pikipiki kumi za aina hiyo na halina fundi. Fundi waliyekuwa naye alihama, na wengine waliowaendea ama waliogopa betri, ama walijifanya hawaogopi, wakaziharibu.

Mkunga hakuzungusha maneno. "Tengeneza hii moja, mama," alimwambia. "Nikiridhika, zote kumi zitakuja kwako. Nisiporidhika, tutasalimiana tu barabarani."

Kwa karakana hii, pikipiki kumi zenye huduma ya kila mwezi ni kufa na kupona. Wateja wa petroli wanapungua. Kuna wiki, Mama Spana anakiri, ambazo viti vya mumewe ndivyo vinavyolipa pango, naye husonya akilisema hilo.

Basi akaifanya kazi hiyo kama anayeshona nguo ya harusi. Alibadilisha beringi, akakaza kila kiungo, akaipima breki. Siku ya Alhamisi akafanya jambo ambalo sasa analijutia: alimwambia mumewe aipande, azunguke mtaa mara moja, aseme anavyojisikia.

Mzee Moshi alirudi macho yamemtoka. "Loo!" alisema. "Inaondoka kama imetukanwa!" Akazunguka tena bila kuombwa. Akazunguka mara ya tatu. Aliposhuka alikipapasa kiti na kusema kwa sauti ya chini kwamba labda, labda tu, walikuwa wameionea.

"Nilifurahi," Mama Spana anasema, na hapo uchungu unampanda upya. "Nisikudanganye, nilifurahi sana. Mwaka mzima nambembeleza huyu mtu akubali kwamba kazi zinabadilika. Nikasema, leo Mungu amemfungua macho. Kumbe amemfungua na mikono."

Kwa sababu Ijumaa jioni, alipotoka kwenda kununua beringi za mteja mwingine, Wapenzi walikutana kwa dharura.

"Nimeinywesha," Mzee Moshi anakiri sasa, bado ameketi. "Kidogo."

"Umefanya nini?"

"Si ilikuwa mgeni? Nikasema tuikaribishe. Glasi moja tu, mama watoto. Oili safi, ile ya ghali."

"Umepitishia wapi, wewe mwanamume?"

"Pale ubavuni kuna skrubu. Nikafungua, nikatumia bomba la sindano. Ilikunywa yote." Anasema hayo kwa fahari kidogo, kisha anaiona sura ya mkewe na fahari inamwisha.

Mama Spana hakupiga kelele. Wanaomjua wanasema ingekuwa afadhali angepiga. Alieleza taratibu, akiwatazama mmoja mmoja, kwamba breki ya nyuma ya pikipiki hii iko kwenye gurudumu lilelile, kwamba oili imepenya mpaka kwenye pedi za breki, na kwamba mchana wa leo mkunga akija kuichukua angekaa hapo juu na mkoba wa vifaa mgongoni, akashuka mteremko wa zahanati, akakanyaga breki, asipate kitu.

Mwalimu wa hesabu akavua kofia.

"Na mota ikiungua," akamalizia, "mpya inameza mapato ya karakana hii ya miezi miwili. Haya, nyanyukeni. Leo mtafanya kazi."

Kilichofuata ni asubuhi ambayo Wapenzi hawaisimulii kwa hiari. Gurudumu likafunguliwa. Mzee Moshi akapewa kazi ya kulishika, na kila alipotaka kueleza nia yake aliambiwa alishike kwa mdomo uliofungwa. Dereva mstaafu akatumwa pedi mpya za breki. Mwalimu akakata vitambaa. Mama Spana akafuta nyaya na sumaku kwa spiriti, sehemu kwa sehemu, akitupa kitambaa kimoja kichafu na kunyoosha mkono apewe kingine.

"Niambie kitu kimoja," alimwuliza mumewe akiwa ameinamia mota. "Hukuona kwamba hakuna hata kifuniko cha oili? Kiwanda kizima kilisahau, mkakumbuka ninyi?"

"Tulidhani wamekificha," Mzee Moshi alijibu.

Nyaya zilitakiwa zikauke kabisa, na jua la siku hiyo lilikuwa la kuvizia. Kinyozi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amejitia hamnazo, akavuka barabara mbio na kurudi na mashine ya kukaushia nywele. Akapiga magoti kwenye saruji, akaielekeza kwenye mota, akaipulizia hewa ya moto kwa mkono wa taratibu, uleule anaoutumia kwa wateja wake.

"Weka mbali kidogo, shemeji. Unakausha, huchomi," Mama Spana alimwelekeza.

"Kichwa hiki kina nywele ngumu," kinyozi akasema. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Gurudumu lilipofungwa na kuwashwa lilizunguka kwa kushtukashtuka. Mama Spana akalifungua tena, akasafisha tena kiungo cha nyaya ndogo zinazoiambia mota iko wapi katika mzunguko wake, akafunga upya. Safari hii likazunguka bila neno. Akavaa helmeti, akaenda mwenyewe mteremkoni, akashuka na kufunga breki, akapanda na kushuka tena mpaka roho yake ikatulia.

Mkunga alifika saa nane mchana. Aliitazama pikipiki yake inavyong'aa, akauliza kama iko tayari. Nyuma ya mgongo wake Mzee Moshi alikuwa akimpungia mkewe mkono na kuziba midomo kwa kidole: nyamaza, imeshapona, ya nini kuumbuana.

Mama Spana anasema alishawishika. Pikipiki kumi zilikuwa zimesimama pale mbele yake, anaziona. Lakini aliukumbuka ule mteremko.

"Dada, kabla hujapanda kuna jambo ulijue," akasema, na akalisema lote: glasi, bomba la sindano, breki, spiriti, mashine ya nywele. Hakujitetea wala hakumtetea mtu.

Mkunga alisikiliza bila kupepesa jicho. "Nani aliitia?"

Mzee Moshi akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Kwa nini, baba?"

"Nilikuwa naikaribisha," akajibu. "Nimeipenda."

Mkunga aliinamia gurudumu, akalikagua kwa muda ambao Mama Spana anauita mrefu kuliko uchungu wa kifungua mimba wake. Kisha akashusha pumzi.

"Mtoto akizaliwa, ukoo mzima unataka kumlisha," alisema. "Huyu kaja na maji, huyu na sukari, bibi kaja na uji. Mtoto wa siku moja! Wote wanampenda. Nusu ya kazi yangu, mama, si kuzalisha. Ni kuzuia mikono ya wanaopenda." Akamgeukia Mama Spana. "Wewe mikono hii unaizuia kwa kitu gani? Sioni hata mlango."

Ni kweli, hakuna. Karakana ni chumba kimoja kilicho wazi, na kutoka kwenye benchi hadi kwenye mota ni kunyoosha mguu tu.

Mkunga akapanda, akajaribu breki mara kadhaa papo hapo, akaitikia kwa kichwa. "Umeniambia ukweli wakati ungeweza kunificha, hilo nimelishika," akasema. "Pikipiki zangu nitazileta siku nitakayoona chumba chenye mlango na kufuli. Si kabla." Akaondoka bila muungurumo. Wapenzi wote wanne walimsindikiza kwa macho mpaka kona, na kinyozi, aliyekula kiapo kutozisifu pikipiki hizo, alisikika akisema, "Inaondoka vizuri, lakini."

Mama Spana aliingia ndani akakaa juu ya tairi. Anasema alitaka kulia, ila hasira ilikuwa imemjaa na machozi hayakupata nafasi. Pikipiki kumi ziko karibu kiasi hiki, na zinazuiwa na mapenzi ya watu wazima wanne.

Alipoinua macho alimkuta mumewe ukutani na futi kamba yake ya kupimia viti. Anapima upana wa chumba. Anapima pale mlango utakapokaa. Anataja tarakimu, na mwalimu wa hesabu anajumlisha mbao.

"Huu utakufungia wewe nje, unaelewa?" Mama Spana akamwambia.

"Naelewa, mama watoto."

"Na funguo zitakaa kwangu."

"Zikae kwako."

Chumba hicho kinatarajiwa kukamilika mwezi ujao. Mbao zimepatikana, bati la juu limepatikana, kinyozi ameahidi bawaba. Mama Spana ana mpango mkubwa kuliko pikipiki kumi: baada ya wakunga anataka wasambaza mikate, kisha afungue darasa la mota kwa mafundi wa mtaa ambao hawana akiba ya kwenda kusomea mbali. Akilizungumzia hilo uso wake unakunjuka kwa mara ya kwanza siku nzima.

Haudumu hivyo. Mumewe anamjia, futi kamba shingoni, na nyuma yake Wapenzi watatu wamesimama kwa adabu ya watu waliotumwa kuposa. Wana ombi. Wamekubali mlango, wamekubali kufuli. Wanauliza tu kama ukutani, upande wa benchi, kunaweza kuachwa nafasi ya dirisha, ili Jumamosi wawe wanaziona.

Mama Spana anawatazama mmoja baada ya mwingine, anasonya, anarudi kwenye kazi yake.

"Dirisha nimewapa," anasema baadaye, akikaza nati kwa nguvu kuliko inavyohitaji. "La nondo."