Mwezi Mmoja Bila Jua Mbumbuni

Saratani ilinikalia kwenye koo la chakula ikaanza kunichagulia cha kula. Ilikataa muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa, ikakataa ugali, mwishowe hata uji ukawa unapita kwa kuomba ruhusa. Hospitali moja Nairobi ilikuwa ikijaribu dawa mpya, nikakubali kujaribiwa. Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, sitishiki haraka.

Daktari, msichana wa rika la binti yangu, alinieleza polepole. Wangenidunga chembe ndogo mno, zikajikusanye kwenye uvimbe. Kisha wangeshusha waya mwembamba wenye taa hadi kooni. Taa ya kwanza ingezifanya zing'ae, waone uvimbe unaishia wapi. Taa nyekundu ingeziamsha ziue seli za saratani.

"Na zitakazobaki kwa ngozi?" nikauliza.

"Hapo ndipo shida, mwalimu. Hata jua linaziamsha. Utaungua. Kaa gizani mwezi mmoja."

Jua la Makueni! Afadhali angeniambia niache kupumua.

Tuliporudi nyumbani baada ya kudungwa na kumulikwa, mume wangu alipigilia magunia ya ndengu kwenye madirisha yote. Chooni nilienda na mwavuli, glavu na soksi zake ndefu. Mbuzi walinikimbia.

Wiki ya pili wakaja akina mama wa kanisa. Walikuwa wamesikia nimejifungia gizani, wakaamua ni pepo. Mwenyekiti wao hakuketi hata. Alienda moja kwa moja dirishani akang'oa gunia.

Nikajitupa chini ya meza, na magoti yangu haya mabovu.

"Mnaona? Anakimbia mwanga!" akapaza sauti, akaanza kukemea.

"Mwenyekiti, rudisha gunia kwanza! Pepo utakemea baadaye!"

Mume wangu aliingia mbio, akasimama dirishani. Ni mnene, aliziba jua lote. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshawiva, na malengelenge yakaanza kutoka.

Mwenyekiti alipouona, na mume wangu akamweleza habari ya dawa, aliketi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo dawa inaweza kusaidia dada yangu wa Tseikuru? Hamezi kitu."

Niliacha kumcheka moyoni. Nikamwambia sijui, ila giza likiisha tutampeleka.

Tulimpeleka. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa mno kwa majaribio, wakamwanzishia matibabu ya kawaida. Wangu haukuisha, lakini ulisinyaa. Siku niliyomeza ugali bila kuusukuma na maji, nililia pale pale mezani, kisha nikaongeza mboga.