Jipu, Mimi na Mama Mkwe

Jipu halina adabu. Langu lingeweza kuota begani au mgongoni, nikalibeba mjini bila shida. Lilichagua tako la kushoto, tena wiki ile ile ambayo wajomba zangu walikuwa wamepanga kunipeleka Bagira kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumuoa. Jumapili baada ya misa ningekaribishwa kiti mbele ya ukoo mzima. Na kwetu mchumba akikaribishwa kiti akabaki amesimama, wenye nyumba wanaelewa kwamba amewadharau. Ningewaeleza nini?

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Cimpunda, katika ile Zaïre ya abacost, lile koti lisilovaliwa na tai, ambapo mwanamume mwenye tai alitazamwa kama mwizi. Mshahara wetu ulikuja ulipojisikia. Wenzetu walioajiriwa na société walilipiwa hospitali na kampuni, wao, wake zao na watoto wao. Sisi tulitibiwa kwa maji ya moto na maombi. Kwa hiyo kilichonitisha kuliko jipu lenyewe ni swali ambalo wakwe wote wa Bukavu walikuwa wakiliuliza siku hizo: binti yetu akiugua, utamtibia wapi? Tena kulikuwa na karani mmoja wa société aliyekuwa akipitapita karibu na nyumba ile ya Bagira, kadi ya hospitali mfukoni, na nilimchukia bila hata kumjua.

Jumamosi, watu walipomaliza salongo, yaani ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuzibua mitaro, ukumbi wa parokia yetu uligeuka dispensari ya wasio na société. Hakuna aliyelipwa pale. Daktari alifika akitoka zamu yake hospitalini, macho mekundu kwa usingizi. Wauguzi waliacha mapumziko yao. Akina mama kutoka parokia mbalimbali za mji walichemsha sindano katika sufuria ambayo, kwa harufu yake, jana yake ilikuwa imepika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mtu ulitoka umepona, lakini paka walikufuata mpaka nyumbani.

Nilisimama kwenye foleni kwa sababu kukaa sikuweza. Zamu yangu ilipofika niliingizwa pembeni, nyuma ya pazia la kitenge cha chama chenye picha ya mkubwa wa nchi. Walikuwa wamelitundika kwa uangalifu ili uso wake utazame nje, maana hakuna aliyetaka kumvulia suruali mtu kama yule. Humo ndani alikuwamo mzee mmoja wa Kalehe, mwenye kidonda mguuni. Mguu wake ulikuwa ndani ya beseni la maji ya dawa, na alikuwa ameamriwa asiutoe.

"Citoyen, lala kifudifudi," daktari akaniambia. Akanibonyeza, nikaona nyota mchana, akasema limeiva, kwa sauti ya mtu anayenunua parachichi. "Maman anakuja kulitumbua. Iko na mukono mwepesi kunipita."

Nilichungulia chini ya kwapa langu kumwona huyo mwenye mkono mwepesi. Aliingia mama mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Nilimtambua. Mchumba wangu alikuwa amenionyesha mama huyo kwa mbali, siku moja watu wakitoka misani. Alikuwa pia ameniambia kwamba mama yake anasaidia wagonjwa, na mimi nikadhani anawapelekea rozari. Kumbe anawapelekea kisu.

Nilivuta abacost yangu nikajifunika kichwa chote. Sehemu moja tu ya mwili wangu ilibaki nje, na ndiyo ile ambayo mama mkwe hapaswi kuiona hata kama nyumba inaungua.

"Inakuumia tangu lini, mutoto yangu?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mwanamume hamsemeshi mama mkwe ana kwa ana. Hamtazami, hali chakula mbele yake, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine, hata kama wote wamo chumba kimoja. Nililelewa na bibi yangu, naye alinifunza hayo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Mtu mwenye akili zake angejibu tu kama mgonjwa mwingine yeyote, uso umefunikwa, nani angemjua? Lakini akili zangu zilikuwa zimeshuka zote kule kwenye jipu.

"Muzee," nikasema nikiwa ndani ya abacost, "tafazali umuambie maman, ni tangu mardi."

Mzee wa Kalehe akatazama huku na huku. "Lakini iko hapa karibu yako."

"Najua. Umuambie."

"Anasema tangu mardi," mzee akaipitisha Jumanne yangu, akiwa na wasiwasi kidogo.

"Haya. Alitia dawa gani?"

"Umuambie bibi yangu alitia mafuta ya mawese na kitunguu."

"Mawese na kitunguu," mzee akasema, sasa amenogewa na kazi. "Kwetu tunatia na chumvi, lakini ile tunakula."

Maman hakucheka. Nilisikia chombo kikiwekwa chini taratibu. Aliponena tena, hakunena nami.

"Muzee, umuulize huyu bwana kama ameoa."

"Umeoa?"

"Bado."

"Umuulize anataka kuoa wapi."

"Umuambie maman, ni mbali."

"Umuulize kama hiyo mbali njo Bagira."

Nilifunga mdomo. Mzee alisubiri, kisha akatoa ripoti yake: "Ananyamaza. Na masikio inatoka jasho." Sijui masikio yangu aliyaona wapi.

Basi sote tulikuwa tumeshajuana, na hakuna aliyeweza kusema. Kwa haki maman angeondoka mbio, kama desturi inavyotaka, lakini daktari alikuwa ameshaanza mgonjwa mwingine na jipu lilikuwa limeiva. Alifikiri, akapata njia ya kulinda heshima za pande zote mbili.

"Muzee, umuambie avumilie. Natoa lunettes."

Miwani! Nikaruka nusu ya kitanda. "Muzee, umuambie maman asitoe lunettes."

"Maman, anaomba usitoe."

"Umuambie bila lunettes sioni mutu. Naona tu kitu kama mukate. Mukono yangu inajua njia."

Daktari hakudanganya, mkono ule ulikuwa mwepesi kweli. Nilipiga kelele, "Mama yangu weee," kisha nikakumbuka, nikamalizia kwa adabu, "muzee, umuambie." Mzee wa watu akapitisha kelele yangu neno kwa neno, bila kupunguza kitu. Nilipakwa dawa nyekundu, nikafungwa bandeji, nikatoka nikitembea kama bata, na maman alikuwa amegeukia ukuta mpaka nilipopita.

Nilikuwa nimepona, nami nilikuwa nimekwisha. Nasema wazi, tako halikuniaibisha sana, kwa sababu kila mtu analo. Kilichoniuma ni ile foleni. Mama yule alikuwa amenikuta kati ya watu wasio na pa kwenda, na kesho yake angeketi nyumbani kwake akijua jibu la swali kabla halijaulizwa. Nilimwona karani akifungua mlango wa harusi yangu kwa kadi yake.

Jumapili tulikwenda Bagira. Walinikaribisha kigoda cha mbao tupu, nami nikakaa, nusu yangu ya kulia ikibeba nusu zote mbili. Baba mdogo wa msichana, aliyekuwa msemaji wao, alitutania kama inavyotakiwa, akauliza kama tumepotea njia. Wajomba zangu walijibu vizuri, watu wakacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Bon. Mutoto wetu akigonjwa, huyu bwana atamupeleka wapi? Iko na société gani?"

Mjomba wangu mkubwa alianza kusifu elimu yangu. Msemaji akamkatiza kwa upole. "Sijauliza masomo. Nimeuliza hospitali." Mjomba akatazama viatu vyake, nami nikatazama vyangu.

Mlango wa jikoni ulikuwa na pazia, na nyuma yake, kama desturi inavyotaka, alikuwako maman. Shangazi mmoja alitoka huko akijifuta mikono.

"Maman anasema, akigonjwa atamuleta kwake. Samedi, salongo ikiisha, mu salle ya paroisse kule Cimpunda. Anasema huyu kijana njia anaijua."

"Anaijua namna gani?" msemaji akauliza.

Shangazi akaingia jikoni, akarudi amebana midomo. "Anasema ile ni siri ya muganga."

Wajomba zangu walinigeukia wote kwa pamoja. Shangazi aliitwa tena jikoni, akachelewa, akatoka safari hii bila kucheka.

"Anasema, kadi ya société inakwisha siku kazi inakwisha. Lakini huyu mutoto, ile siku alikuwa na maumivu, na uso umefunikwa, na hakuna mutu wa kumujua, alimuheshimu. Anasema mutu wa namna ile, yeye hamukatalii binti yake."

Msemaji alivuta pumzi, akamtazama baba wa msichana, naye akatikisa kichwa kukubali. Mjomba akanigusa kwa kiwiko nitoe shukrani. Nilikuwa nimetayarisha maneno makubwa ya Kifaransa, ya kuonyesha elimu, na yote yalitoroka. Nilimgeukia shangazi, machozi yananitoka mbele ya wanaume wote wale.

"Shangazi, umuambie maman," nikaanza, na hapo nikashindwa kuendelea.

Shangazi alingoja. Kabla hajajua apeleke nini, sauti ilitoka nyuma ya pazia, moja kwa moja kwangu.

"Nimesikia, mutoto yangu."